Picha ya Harusi ya Mzee Jamleck Wachira Kiarie, 1946–2025

Mzee Jamleck Wachira alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Dagoretti, kitinda mimba wa marehemu Kiarie na marehemu Waringa. Alisoma papo hapo Dagoretti hadi kidato cha pili, alipofiwa na baba yake.

Mwaka wa 1965 aliajiriwa kufagia studio ya picha River Road, Nairobi. Alifagia huku akitazama, na kabla ya miaka mingi kupita ndiye aliyesimama nyuma ya kamera. Baadaye alifungua studio yake, na maharusi wengi wa pande hizi wanakumbuka sauti yake: "Tabasamu, bwana harusi, hujashtakiwa!"

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Virginia Nyawira. Kwa kuwa hakumwamini mpiga picha mwingine yeyote, aliitega kamera yake ya Kijerumani ipige yenyewe, kisha kila mara akakimbia kusimama kando ya mkewe. Alipoifungua, filamu haikuwa imeshika meno ya kuisogeza. Haikusonga hata kidogo. Aliyepiga picha harusi za watu hakuwa na picha hata moja ya harusi yake. Mama yetu hakununa, ila kila walipoalikwa harusini alimwuliza, "Baba Waringa, leo filamu umeishikisha?"

Simu zenye kamera zilipoingia, studio ilifungwa na kamera ikalala sandukuni. Mwaka wa 2023 moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba, daktari akamkataza shamba. Ndipo alipoitoa kamera ile. Lenzi ilikuwa imeota ukungu na pazia la ndani la kukinga mwanga limepasuka. Meza ya chakula ikawa karakana, bakuli la sukari likajaa skrubu.

"Baba Waringa, leo chai tunakoroga vyuma?"

"Koroga polepole, Mama. Hiyo ndogo sitapata nyingine."

Alimwomba Mungu jambo moja: kamera ipone kabla ya ndoa yao kutimiza miaka hamsini, ampe mkewe picha aliyomnyima.

Ilipona. Siku ndoa ilipotimiza miaka hamsini aliitega uani, akaanza kumwendea Mama aliyekaa kitini.

"Wachira, kimbia!" Mama alimwita akicheka.

Miguu haikukimbia, na kamera haikumngoja. Alipoisafisha picha alisikitika, akasema watarudia akipata nafuu.

"Usirudie," Mama akamwambia. "Hapa unanijia."

Alilala katika Bwana nyumbani, alfajiri ya Jumanne, 11 Februari 2025, Mama akiwa amemshika mkono. Tunazo picha nyingi zinazoonyesha uso wake. Mama alichagua hiyo iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki: yeye anacheka, na Baba ni mgongo tu na mkono ulionyooshwa.

Ameacha mjane, Virginia Nyawira, watoto, Waringa wa Kileleshwa na Kiarie wa Dagoretti, mkwe, Annah, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Bwana ampumzishe kwa amani. Sasa hana haja ya kukimbia; atamngoja Mama.