Kipimo cha Pili cha Mhandisi Maduhu Bujiku (1971–2025)

Picha mnayoiona hapo juu ilipigwa Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, nyumbani Geita, marehemu akicheka na tonge mkononi. Ijumaa yake hatukuwa naye tena. Jamani, siku tano! Sisi wa nyumbani bado pikipiki kama yake ikikata kona tunageuka kutazama mlango.

Mhandisi Maduhu Bujiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Nyarugusu, Geita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Bujiku na mama Sesilia. Babu yake alikuwa Mrongo, wa ukoo wa wahunzi, mfua majembe, na ndiye aliyemfundisha kuligonga jembe jipya na kusikiliza mlio wake, kama lina ufa, kabla halijapelekwa sokoni.

Alisoma Shule ya Msingi Tinde, kwa mjomba wake, kuanzia 1979 hadi 1985. Sekondari alisomea mjini Shinyanga, na mwaka 1997 akahitimu uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1998 alikwenda Jamhuri ya Cheki kwa ufadhili, akabaki huko kikazi hadi 2012, katika kiwanda kinachofua mapande mazito ya chuma ya vinu vya nyuklia. Pande moja huzidi uzito wa malori kumi ya pamba. Kazi yake ilikuwa kukisafisha chuma: kupunguza salfa, na kuitoa gesi ya hidrojeni, ambayo ikibaki ndani hukipasua chuma polepole, siku nyingi baada ya kupoa. Mwaka wake wa pili kazini alipima pande lililopoa siku hiyohiyo, akaliona zima, akasaini. Mkuu wake akalipima tena baada ya wiki mbili, akakuta limejaa nyufa nyembamba kama unywele. Hakufukuzwa, ila aibu ile aliisimulia mpaka mwaka huu. Tangu siku hiyo hakusaini kitu kwa kipimo kimoja.

Tarehe 2 Septemba 2000, akiwa likizo, alifunga ndoa na Paskazia mbele ya Padre Pantaleo. Alipokabidhiwa pete aliigonga kwanza kwenye kinara cha altare, akatega sikio. “Vipi tena, mwanangu?” padre akauliza. “Naisikiliza, Padre. Hii ni ya kudumu.” Kanisa zima likaangua kicheko, na bibi harusi akamfinya.

Aliporudi alifungua karakana Geita mjini, akifua na kupima vyuma vya wachimbaji wadogo. Walimwita Injinia Wiki Mbili, maana shafti ya winchi, mhimili wa mashine inayowashusha watu shimoni, aliipima leo, akailaza siku kumi na nne, akaipima tena kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Wenye haraka walimnunia. Yeye alikunywa chai yake.

Maradhi yake tulidhani tunayajua: presha, na vidonge vyake vya asubuhi. Katikati ya Mei daktari alihisi kitu kwenye moyo, akamtaka arudi tarehe 2 Juni kwa kipimo cha pili. Siku hiyo alikuwa karakanani, akiipima kwa mara ya kwanza shafti ya bwana Marwa, mwenye shimo la dhahabu. “Nitakwenda wiki ijayo, Mama Wema,” alimwambia mkewe. Mtu huyu, aliyewangojesha watu wazima wiki mbili kwa ajili ya chuma! Ijumaa, tarehe 13 Juni, saa saba mchana, aliketi kwenye benchi la karakana akaomba maji. Maji yalifika, yeye ameshaondoka. Kadi ya kliniki Paskazia aliikuta kwenye koti.

Jumamosi Marwa alikuja kutoa pole. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Lakini ile shafti si alishaipima? Naweza kuichukua?”

Wema, bintiye mkubwa na fundi wake, alimjibu, “Alipima mara moja tu, baba. Ya pili ni Jumatatu.”

Jana, Jumatatu, Wema aliinuka mkekani akavaa buti. Shangazi yake Mbuke alipandisha sauti, “We mtoto! Baba yako hajazikwa, unakwenda karakana?” Paskazia akasema, “Mwache, wifi. Hiyo ni kazi ya baba yake.” Jioni Wema alirudi na grisi mikononi. “Ina nyufa, mama. Nne.” Marwa alikuwepo. Aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya msibani.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto watatu, Wema, Onesmo na Lusia, na mjukuu mmoja, Adam. Wabeja, yaani asante, kwa wote mliokuja kutusitiri.

Shafti ile ilikuwa ifungwe jana na leo asubuhi iwashushe wachimbaji kumi na mmoja shimoni. Mmewaona. Ndio waliolitoa jeneza garini, wakapokezana mpaka hapa kaburini, na wakakataa kusaidiwa.

Apumzike kwa amani, wala mtu asimharakishe.