Dakika Nane za Mwadi

Zima kwanza ile televizio, Rolly. Mama yako anakufa, na mule ndani mutu anaendelea kuuza mafuta ya kung'arisha ngozi. Bon. Mukaribie, batoto bangu, musikilize muzuri, juu sitarudilia: pumzi yenye nabakia nayo ni kidogo, na docteur aliacha kunidanganya tangu juzi. Joëlle, weye ukae hapa pa kitanda. Na Mwadi, mudogo wangu, mumupatie kiti pale pa mulango. Kama hataki kuingia, asiingie. Miaka kumi na mbili hajanisalimia. Leo amekuya, inatosha.

Vitu yangu haiko mingi, na sitaki mugombane mbele ya bageni. Shamba ya muhogo ya kule Tshangalele ni ya Joëlle, juu yeye njo aliilima wakati bengine mulikuwa munasema muko na kazi. Nyumba ni yenu bote babili, musiiuze. Mashini ya kushona iende kwa Mwadi, ata kama anaikataa. Muiweke kwake na murudi. Televizio ni ya Rolly. Ndiyo, weye, mwenye pasta yako alikataza televizio mu nyumba, na kila dimanche, kisha kanisa, unafika hapa kunisalimia paka tu wakati mupira inaanza.

Sasa tufike kwa ile yenye inaniuma.

Munajua nilikuwa mu komite ya ile televizio kidogo ya hapa Likasi. Tulikuwa bane: katekista, pasta, mwalimu moja wa pensheni, na minye kwa niaba ya bamama. Kila kitu ilipita mbele ya macho yetu kwanza. Mutu akinyoosha mukono, Fidèle, fundi wa mashini, anakata, na pale pa kukata anaweka picha ya ziwa Tshangalele na kwaya ya kanisa, mpaka kipande inaisha. Muji muzima ilijua. Ziwa ikitokea, batoto banapiga kelele mu kila nyumba: «Banafunika! Banafunika!» Na minye nilifurahi, nilijiona mulinzi wa Likasi. Kanuni ya kwanza niliiandika na mukono yangu: kuonyesha juu ya magoti, hapana.

Na muone vile tulilinda! Nabii mwenye aliambia bagonjwa batupe dawa tulimuacha apite, juu alivaa kravati na pasta wetu alimusifu. Filamu ya kigeni, bibi anamutilia bwana sumu mu chai, tuliacha ipite, juu bibi alivaa nguo mpaka ku miguu. Bantu bazima, bane, na miwani yetu ku macho. Nikikumbuka ninachoka upya.

Halafu Fidèle akaleta reportage ya dakika nane. Bamama banaosha malachite, yale majiwe ya kijani yenye shaba, mu kale kamuto ka nyuma ya mitaa ya cité, na mbele ya bote Mwadi. Anaangalia kamera, anainua kikwembe mpaka ku mapaja, anasema: «Muone. Hii ni ile maji. Inakula ngozi. Muache kuingia, na muache kuleta batoto.» Vidonda ilikuwa pale, myekundu, kila moja kama kiganja. Na minye niliona nini? Niliona paja ya mutoto wa mama yangu, na Likasi yote itaiangalia kisha misa. Nilinyoosha mukono wa kwanza. Fidèle akaniambia, «Mama Gertrude, nitafunika miguu, tuache sauti.» Nikamujibu: «Ukiacha sauti, bantu batauliza miguu iko wapi.» Akili gani hiyo! Dimanche, saa saba, dakika nane, paka tu ziwa na kwaya.

Mwadi akaenda kusimama mwenyewe pale pa kamuto, kila asubuhi, anabaambia. Bamama bakamucheka. «Kama ingekuwa kweli, ingepita mu televizio.» Ata Reine, binti yake, alimujibu vile, akaingia na benzake. Leo Reine anatembea na magongo, muguu moja ilikatwa. Ni minye. Si maji peke yake, batoto bangu, ni minye, na nimechoka kuambiwa kwamba nilikuwa na nia muzuri.

Joëlle, najua komite ilituma bantu, banataka ukae pa nafasi yangu. Batafunika nini sasa? Bajukuu banaona yote mu telefone, mbele ya kunawa uso asubuhi. Lakini sikukatazi, juu kuko vitu yenye mutoto hafai kuona, na siwezi kujifanya leo kwamba haiko. Ukikubali, basi mbele ya kukata kitu, uulize: mule ndani nani anasema, na anaonya nani? Kisha njo uangalie nguo.

Munipe maji kidogo... Asante.

Fidèle alichunga ile reportage, akanirudishia mwaka jana. Iko mu kabati, chini ya Biblia. Nabajua mweye: siku ya matanga mutakodi ekra kubwa, mutapitisha picha zangu, Gertrude pa ndoa, Gertrude na askofu. Hapana. Mutaweka zile dakika nane, muchana, mbele ya bantu bote, na sauti. Rolly, usiangalie chini. Unataka kuitupa, juu jina ya mama itachafuka. Acha ichafuke, ni yangu. Bamama banaosha pale mpaka leo, na kesho asubuhi bataingia tena. Acha mulango wazi, jirani basikie leo hii.

Mungu abachunge. Mukule chakula mu sahani moja, ata mukiwa na kasirani. Joëlle, asante kwa mikono yako. Rolly, weye pia nakupenda, kichwa ngumu... Nguvu inaisha.

Mwadi. Karibia, sikuoni muzuri... Kuomba musamaha nilichelewa, juu niliogopa jibu yako. Nakuomba sasa. Batoto, munyamaze. Sema, mudogo wangu. Sema yote, ata ile mubaya. Sitakukatiza.