Wakati Kura za Séphora Zinahesabiwa

Papa Mchungaji Zenoni, uliyetufungulia ukumbi huu siku ya kazi. Mzee Murhula, prezidanti wa jamii yetu hapa Columbus. Mama Kostansia na wamama wote wa kwaya. Wajumbe wetu wa Louisville, mliotoka mtaani kwenu Highview tangu asubuhi. Ndugu zetu wa Buffalo, mliosafiri mbali kuliko wote na bado hamjalalamika. Wanafunzi wetu wa Kenya. Na nyinyi watoto mlioketi huko nyuma mkidhani siwaoni: Bwana asifiwe.

Jina langu ni Cibalonza, lakini nikilitaja hapa mtaani kwetu Whitehall, nani atajua ni nani? Hata kule ghalani ninakofunga maboksi, msimamizi wangu, ambaye ni Mmarekani wa kuzaliwa, ananiita Mama Séphora. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Mchungaji ameniambia niseme kidogo wakati tunasubiri, nami nimekubali upesi, kwa sababu nikikaa naitazama simu kila dakika na kila mtu ananiona, lakini nikisimama angalau mnaweza kufikiri ni furaha.

Bon. Kwa wale waliofika wakiwa wamechelewa, nieleze tulichokusanyikia. Huko Uingereza, katika mji mdogo wa Marlsea ulio kando ya bahari, wamemaliza kupiga kura. Huko ni usiku sasa, ingawa sisi hapa jua tunaliona dirishani. Katika saa hii tunayoongea, wanamwaga karatasi juu ya meza na kuzihesabu. Kiti ni kimoja, cha diwani aliyehama mji. Wanaokitaka ni wawili: bwana mmoja mwenye hoteli, aliyezaliwa palepale, ambaye baba yake pia alikuwa diwani; na mtoto wangu.

Wengi wenu mnamjua Séphora tangu kambini Nakivale, kule Uganda. Mnakumbuka yule msichana mwembamba aliyekuwa akiwasomea wazee barua zao, na mzee akilia, naye analia? Ndiye huyo. Faili lake la kuhamia ng'ambo lilipita pamoja na la shangazi yake, langu likabaki mezani kwa mtu. Yeye akaenda Uingereza, mimi Mungu akanileta Ohio baadaye. Tangu siku ile sijamshika mkono. Lakini kumlea sikuacha, nilimlea kwa simu, na kama kuna mama hapa anayedhani mtoto hawezi kulelewa kwa simu, aje aangalie matokeo. Amesoma. Amekula kiapo cha uraia. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na wazee wale, nimewaona kwenye video, hawataki kulishwa na mtu mwingine.

Sasa niseme jambo ambalo nililipamba kidogo. Nilipowatangazia kanisani kwamba binti yangu anagombea, niliwaambia ni kama députée. Baadaye Emmah, huyu mwanafunzi wetu wa Kenya aliyevaa buluu, alinivuta pembeni kwa adabu nzuri akasema, "Mum, si mbunge. Ni kama MCA wa kwetu, diwani tu, tena hawa hawapewi gari." Na nilipowaambia anagombea kwa ajili ya afya ya umma, ukweli ni kwamba anagombea kwa ajili ya vyoo. Msicheke bado. Kule ufukweni kulikuwa na vyoo vya watu wote, halmashauri ikavifunga, na wazee anaowatunza wakaacha kutoka nje. Mzee ataendaje matembezi mahali pasipo choo? Walikuwa wakikaa vyumbani, bahari wanaisikia na hawaioni. Séphora alikwenda kulalamika, akarudi kulalamika tena, mpaka afisa mmoja akamwambia kwamba kama anaona ni rahisi, agombee yeye. Yule afisa hakujua anaongea na mtoto wa nani.

Alianza kampeni bila chama. Msaidizi wake ni bibi mmoja Mwingereza aitwaye Maureen, aliyepeleka barua katika mji ule mpaka akastaafu, anajua kila nyumba na kila mbwa. Huyo Maureen alimpa kanuni: unagonga, unatabasamu, unasema jina lako, unatoa karatasi, unaondoka. Nyumba inayofuata. Hivyo ndivyo wanavyofanya huko, na yule mwenye hoteli alikuwa akimaliza mtaa mzima kabla chai haijapoa.

Séphora akaniuliza mimi. Nami ningemwambia nini? Nyinyi mliomo humu, nani kati yenu aliwahi kupeleka neno kubwa kwa jirani akalisema akiwa amesimama mlangoni? Unaingia. Unakaa. Unaulizia wagonjwa wa nyumba ile. Unapokea kinachowekwa mezani hata kama umeshiba, na neno lako unalitoa mwisho, ukikaribia kuaga. Anayesema shida yake mlangoni ni mdai au ni polisi. Nilimwambia hivyo, na Séphora, kwa sababu nilimlea vizuri, akatii.

Donc, akawa anaingia. Kwanza watu walishangaa, kwa maana huko mgeni haombi kuingia. Lakini akishasema, "Naweza kukaa kidogo?" wanashindwa kukataa. Alikaa na mama mwenye watoto mapacha, akamshika mmoja mpaka akalala. Alikaa na baba mmoja aliyefiwa na mke, ambaye sebuleni kwake hakuna aliyekalia kiti cha pili tangu mazishi. Yule baba akapika chai. Akatoa picha za harusi. Akaonyesha bustani, akarudi ndani, akapika chai nyingine. Maureen alikuwa nje kwenye gari, mvua inanyesha, mtaa wote unamsubiri, na jioni ikaisha hivyo. Mwishoni yule baba akamsindikiza mpaka barabarani, akamwambia kwa heshima sana kwamba yeye siku zote humpigia kura mwenye hoteli, na safari hii pia atampigia huyohuyo.

Mimi niliposimuliwa hayo nilikuwa natoka zamu, nimesimama kituo cha basi, nikapiga kelele mpaka watu wakageuka. Nilimuuliza, umekunywa chai ya mtu jioni nzima na kura hakupi? Akanijibu polepole, "Mama, ulisema mwenyewe mutu haseme shida yake mulangoni. Haukusema kama watu batanipa kura."

Basi langu likaja, nikapanda.

Nyinyi mnajua kwamba kulikuwa pia na maneno mabaya. Wako waliouliza huyu anatoka wapi, anataka nini kwetu. Siku ya mdahalo, katika ukumbi wa kanisa lao, bwana mmoja alisimama akamuuliza kama baada ya miaka michache atakuwa bado yupo Marlsea, ama atakuwa ameshahamia kwingine kama wenzake. Nimeiona video, nimewaonyesha wengi wenu, na wale ambao bado watanifuata baada ya chakula. Mtoto wangu alishika ile maikrofoni kwa mikono miwili, akamwambia, "Bwana, nimefukuzwa kwetu, na kambini niliwekwa. Marlsea ndipo mahali pa kwanza nilipochagua mwenyewe kukaa. Sihami." Yule mwenye hoteli mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na mimi kwa hilo namheshimu, ingawa leo naomba ashindwe.

Sasa mnaniona najisifu, na nyinyi mmenizoea hivyo. Lakini jamani, naogopa. Jana Séphora alinipigia, sauti yake ndogo. Akaniambia mitaa ya juu mlimani hawakufika, muda uliisha wakiwa bado huku chini wanakaa na watu. Maureen hamlaumu, lakini anapigapiga vidole mezani. Mitaa ile mwenye hoteli aliipita yote. Kisha akaniomba nisiite watu. Alisema, "Mama, usikusanye watu kanisani. Nikianguka, wewe nitakuambia nini?"

Na mimi, mama yake, nilimjibu nini? Nilimwambia hawezi kuanguka, kwa sababu nimeshawaambia watu wa Louisville, na Buffalo wameshalipia mafuta ya gari.

Akasema amechoka, akakata. Tangu hapo hajapiga. Kura ziende zitakakokwenda, kuna watu wanazihesabu na wamesomea kazi yao. Kinachonisumbua si hicho. Naogopa kwamba ataanguka, atavaa koti lake, atatembea peke yake kando ya bahari ile, na kwa sababu ya midomo yangu ataona haya kunipigia mimi. Mtoto aliyeingia nyumba za wageni akakaa nao bila woga, je, aogope kuingia kwa mama yake?

Mama gani hapa hajawahi kumpandisha mtoto wake juu kwa maneno, mpaka mtoto akakosa pa kushukia? Tulifika nchi hizi mikono mitupu, tukawa hatuna cha kuonyesha isipokuwa wao. Ndiyo maana tunawaonyesha kupita kiasi.

Kwa hiyo ninawaomba mambo mawili tu. Vijana, na hasa nyinyi wa Louisville, rudisheni simu mfukoni. Msitafute matokeo kwenye intaneti. Neno hilo ni la Séphora, alitoe yeye, na mimi nilisikie kwa kinywa chake.

La pili ni la wamama. Simu itakapolia, msinitazame uso mkangoja nicheke ama nilie. Anzeni vigelegele ingali inalia. Mimi nitaipokea vigelegele vikiwa juu kabisa, ili kitu cha kwanza atakachosikia kiwe ni nyinyi, kabla hajapata nafasi ya kusema ameshinda ama ameanguka. Akisema ameshinda, endeleeni. Akisema ameanguka, mtu yeyote asinyamaze, hapo ndipo mzidishe, mpaka ashindwe kabisa kuomba msamaha. Na kama saa itapita naye hajapiga, nitampigia mimi, na vigelegele vitakuwa vilevile.

Mchungaji, kama sala yako ni ndefu, naomba uifupishe. Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu na nimeyachosha; Mungu awalipe. Ninakaa sasa. Simu nimeishika mkononi.