Mnyama wa Magamba na Fungu la Euphrasie

Sogeeni karibu, watoto wangu. Habineza, wewe mukubwa, kaa hapa kwa kichwa. Dancille na Manzi, kaeni kwa miguu. Na wewe Euphrasie, acha ile sufuria, maharagi haitakimbia. Leo kifua imeniachia pumzi kidogo na nataka kuitumia yote. Musilie. Tangu jana niko mwepesi, nimelala usingizi wa mutoto aliyeshiba, na mimi mwenyewe nataka kusema sababu yake, hata kama mulikuwako.

Shamba ya kilima, ile ya nyuma ya nyumba inatazama Kashebere, iko mafungu ine, moja kwa kila mumoja wenu. Ine, nimesema. Muliona namna Habineza alisimika vijiti vya mafungu tatu, akisema mutoto wa nyumba ni yule kitovu yake ilizikwa chini ya mugomba wa hapa, na kitovu ya Euphrasie hakuna anayejua ilibaki wapi, maana marehemu mama yenu Mukandayisenga alimuokota kwa kambi ya Kashuga, wakati tulikimbia vita, akiwa bado mwekundu, akamunyonyesha pamoja na Manzi, mumoja ziwa hili, mwengine ziwa lile. Niliumia sana, Habineza. Lakini sikukuamuru, kwa sababu ungetii leo, halafu nikishazikwa ungeng'oa mupaka wake.

Nilikukumbusha tu ile munyama ya plasta niliyokuwa ninaweka kwa meza nikifundisha biolojia, wiwaksia, munyama mudogo wa bahari za zamani kupita mifupa yote munayosikia kwa redio, mugongo yake yote magamba na miiba. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi waitafutie ukoo, na kila mwaka wote waliangalia mugongo. Huyu anasema ni munyoo, yule anasema haina ndugu duniani, tuiache peke yake. Hata wataalamu walibishana hivyo hivyo, na hawakuwa wajinga. Halafu mutu akachunguza kinywa, akakuta safu za meno madogo, karibu sawa na zile konokono iko nazo kwa ulimi ya kukwangulia majani, akasema: hii inaweza kuwa ya ukoo wa konokono na kombe, ilizaliwa kabla nyumba ya mugongoni haijakuwako. Wengine wanakataa mpaka leo, na hakuna aliyechomewa nyumba.

Wewe ukanijibu, “Papa, ile njo mambo ya masomo. Shamba ni shamba.” Ukawapeleka ndugu zako kwa migomba, kila mumoja aone mahali pa kitovu yake, Euphrasie akibaki nyuma na jembe yake begani kama kibarua. Ukashika mugomba mukubwa, ukasema huu njo wangu. Na Nestor jirani, akiwa anapita na muzigo wake, akaanza kucheka mpaka muzigo ukaanguka: “Habineza, ule nilileta mimi kutoka Itebero! Mulipokuwa Kashuga, migomba yenu yote ilikatwa. Nilipanda ingine ili mukirudi musikute jangwa.”

Mungu amubariki Nestor. Nilimununia miaka kwa sababu ya ile mufereji wa maji tunayogombania, kumbe tulikuwa tunakula ndizi za mukono wake. Mufereji ni yake, musimupeleke tena kwa chef wa kijiji. Mupelekeeni na kasiksi, pombe ya zile ndizi zake.

Na wewe, Habineza, ungeweza kukasirika. Ulicheka, halafu ukakaa chini kwa udongo, ukalia, ukang'oa vijiti mwenyewe, ukaita, “Dada, kuja tupime upya.” Nilisikia yote kwa dirisha, kutoka hapa kwa kitanda. Mwanangu, ulinitoa jiwe kwa kifua. Nilikuwa naogopa kufa. Sasa siogopi, ninachoka tu.

Mbuzi gawaneni bila kelele. Sanduku yenye ile munyama ya plasta ni ya Manzi, kwa sababu anafundisha, na asiwape watoto jibu haraka.

Nipeni maji... Inatosha.

Siku ya kunizika, watoto wa nyumba njo wanatupa udongo wa kwanza mbele ya watu wote. Habineza utaita majina. Usiseme watatu halafu “na Euphrasie.” Ita kwa kufuata kuzaliwa, wewe, Dancille, halafu Manzi na Euphrasie kwa pumzi moja, namna mama yenu alikuwa anawaita kuja kula. Pasteri akiuliza kitu, mwambie Papa alipanga.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape njia bila risasi. Mulale ndani ya nyumba zenu, na... na mukiamka, mukute wote muko.

Macho haioni muzuri tena. Kuko mukono hapa kwa paji la uso wangu, iko baridi, inanifurahisha. Sijui ni ya nani kati yenu.

Musiniambie.