Uhakiki wa Kompyuta ya Faraji

"Taarifa ya Awali Kuhusu Kusitishwa kwa Utumishi wa Programu Moja ya Kompyuta, Eneo la Kwa Mathias, Kibaha." Ndivyo Mzee Yahya alivyofungua kikao jioni ile, kikombe mkononi, kwa sauti ya mtu aliyezeekea kwenye korido za halmashauri. Kikao chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la Faraji la kuchapa na kutoa fotokopi. Mzee Yahya wanamwita Dokezo, kwa sababu hata akitaka kashata huanza na "rejea somo tajwa hapo juu." Pembeni yake alikaa Eliya, mlinzi kwenye bandari ya makontena huko Kwala, jina la kijiweni Bandari Kavu, maana stori ikipita kwake lazima iongezewe mzigo. Jenifa, wakala wa miamala, alikuwa chini ya mwavuli wake, mgongo kawageuzia, masikio kawaachia. Hussen, mwenye birika, alikuwa anamimina kahawa. Faraji mwenyewe alikaa mwisho wa ubao, akitazama upande wa stendi kama mtu anayeomba basi fulani lisifike.

Asubuhi, Mwamvita wa Kisarawe alikuwa amemwachia memori kadi ya simu ya marehemu mama yake, Bi Hajira. Bi Hajira hakuwa mtu wa kuandika meseji. Alikuwa anajirekodi: salamu, makaripio, nani ni shangazi wa nani, na namna ya kumbembeleza mtoto anayekataa kulala. Simu ilitumbukia kwenye ndoo, kadi nayo ikawa inakata roho taratibu. Faraji akaichomeka kwenye kompyuta, akawasha programu ya kufukua mafaili yaliyopotea. Fundi mmoja wa mtaa wa Picha ya Ndege alishamwonya: kadi iliyofikia hali ile inaweza kukubali kusomeka mara moja tu, usiikatize. Jumapili ilikuwa arobaini. Mwamvita alitaka wajukuu wamsikie bibi yao.

— Nenda zako sokoni, dada, Faraji alimwambia. Jioni unaondoka naye.

Mchana kompyuta ikawa nzito, inaburuza miguu, na watu wa fotokopi wamejaa mlangoni. Faraji akafungua Taski Meneja, ule ukurasa wa kompyuta unaoonyesha programu zote zinazoendelea na kila moja inakula nguvu kiasi gani. Mzee Yahya alikuwa ameegemea dirishani.

— Huyo Meneja anao watumishi wote hapo?

— Wote, mzee. Mpaka wa nyuma ya pazia.

— Basi tufanye uhakiki. Nani anakula kuliko wenzake?

— Huyu hapa. Jina lenyewe silielewi, herufi na namba tupu.

— Ofisini anaonekana?

Faraji alitazama kioo. Hakukuwa na dirisha lolote la programu hiyo. Alikuwa amelishusha mwenyewe asubuhi ili amchapie mteja barua, kisha kazi zikamzonga, akasahau.

— Haonekani, mzee.

— Akiitwa?

— Hapa wameandika hajibu.

— Anakula kuliko wote, ofisini hayupo, akiitwa hajibu! Mwanangu, huyo ni mtumishi hewa. Sisi wa aina hiyo tulikuwa tunawaondoa kabla ya chai.

Faraji akabonyeza pa kuizima. Kompyuta ikawa nyepesi, foleni ikashangilia, Mzee Yahya akanunuliwa kashata na mtu asiyemjua. Foleni ilipoisha ndipo Faraji akaikumbuka kadi. Akaifungua tena ile programu ya kufukua, ndiyo hiyo aliyoizima. Haikuona kadi. Akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akaichomeka upya. Kompyuta ikakaa kimya, kana kwamba pale hapajachomekwa kitu.

Sasa ilikuwa jioni, na kamati ilikuwa inatafuta maelezo ya kumpa Mwamvita.

— Tuseme umeme ulikatika, alianza Mzee Yahya. Ni sababu inayoheshimika.

— Haukukatika, Jenifa akasema bila kugeuka. Mimi nimeshinda hapa na feni yangu.

— Ulikatika kidogo.

— Kidogo ndiyo kiasi gani, Mzee Dokezo?

— Kiasi cha kuandikia taarifa.

Eliya akakohoa, dalili kwamba mzigo umewasili.

— Nyie hamjui. Kadi zile ni feki. Kule Kwala nimeona kontena zima kwa macho yangu. Zinatengenezwa makusudi, mwenye simu akifa na yenyewe inakufa.

— Inajuaje kama kafa?

— Si anaacha kuweka vocha!

Hussen alicheka mpaka akamwaga. Faraji hakucheka.

— Mimi nina swali la kiutaratibu, Mzee Yahya aliendelea. Meneja wa kompyuta anapata wapi mamlaka ya kumwondoa mtumishi? Kuna barua? Kuna kikao? Hapo lazima kibali kimetoka makao makuu, huko ng'ambo. Faraji alibonyeza tu kama mhudumu anayepiga muhuri.

— Na huko ng'ambo ndiko sauti ilikokwenda, Eliya akadaka. Setilaiti, mzee. Ilikuwa inapita juu ya Pugu mchana ule ule. Sauti ni upepo, imevutwa. Saa hizi kuna mzungu anajifunza kubembeleza mtoto kwa Kizaramo.

— Bandari Kavu, kunywa kahawa ipoe moto huo, Jenifa akasema.

Mzee Yahya alizungusha kikombe. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, haina tena tarakimu wala kumbukumbu namba.

— Au labda ni marehemu mwenyewe. Watu wa Kisarawe wa zamani hawapendi kuachwa ndani ya mashine. Labda alitaka kupumzika. Tunaweza kumwambia binti hivyo. Hakuna atakayelaumiwa.

Sababu hiyo ndiyo iliyomwingia Faraji. Ilikuwa laini, ilikuwa na heshima, na yeye hakuwemo ndani yake. Akaijaribu kimoyomoyo: dada, mama ameamua kupumzika. Lakini kila alipofika katikati, alisikia kile alichokisikia asubuhi. Kabla hajalishusha lile dirisha, programu ilimwonjesha sauti ya kwanza iliyoifukua, kipande kifupi tu, mikwaruzo mingi, na katikati ya mikwaruzo mama mmoja akiita kwa ule mvuto wa Kisarawe: "Mwamvita! Umekula lakini?" Haikuhifadhiwa popote. Kuhifadhi kulikuwa kunasubiri mwisho wa kazi.

Mwamvita alivuka barabara akiwa na mfuko wa sokoni mkono mmoja, na mkono wa pili boksi jipya la spika.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu, alisema Mzee Yahya, akitazama ndani ya kikombe.

— Nimenunua kabisa, alisema akiinua boksi. Kile kisimu changu wajukuu wasingesikia wote. Yule mtoto wa ndugu yangu Maulida ndiye anaulizia kila siku, bibi anarudi lini. Nikamwambia Jumapili utamsikia.

Hussen alitikisa birika. Lilikuwa tupu, lakini aliendelea kulitikisa. Mwamvita akamwangalia Faraji, akaona midomo ilivyomkauka.

— Kaka Faraji, mbona hivyo? Umekula lakini?

Faraji alisimama. Ubao ukainuka kidogo upande wake, Eliya akaukamata.

— Haya, niambieni, Mwamvita alisema akiwapitia usoni mmoja mmoja, tabasamu likiwa bado halijaondoka. Mama ameongea?

Eliya aligeukia barabara. Jenifa, kwa mara ya kwanza jioni ile, aligeuza kiti chake akawatazama.

— Ameongea, dada, Faraji alisema. Alikuwa anaendelea kuongea, kompyuta ikawa nzito, mimi nikamzima.