Sonara Aliyetoa Kasha la Bizimu za Kijapani

Assalamu alaykum, wazee wetu, mama zetu na majirani. Familia inawasomea maisha ya mzee wetu Mfaume bin Yahya, sonara wa Kilwa Kivinje, aliyezaliwa Mchinga mwaka 1868, akahitimu Kurani kwao, kisha mwaka 1885 akapelekwa Unguja kujifunza usonara.

Huko, mwaka 1895, bibi mmoja wa Kijapani alimletea bizimu ya mfuko wa tumbaku iliyovunjika, ya shaba iliyotiwa weusi, yenye panzi wa dhahabu mdogo kama punje ya mpunga, naye akaitazama mpaka mkaa ukamzimikia. Tangu hapo ujira wake uliishia kwenye vitu hivyo, bizimu, vishikizo, pini za nywele, na mapambo ya panga za kale, akavileta Kivinje katika kasha mwaka 1898, mwaka aliomuoa Bi Maftaha binti Dadi, wakajaaliwa binti, Kudra, aliyejifunza kazi kwa kuvitazama.

Bwana mmoja wa Kijerumani wa bomani alilitaka kasha lile, marehemu akakataa kuuza. Vita vya Maji Maji vilipozuka, Oktoba 1905, askari walimkamata Bakary, Mmatumbi aliyemletea mkaa, pamoja na wenzake wawili, wakahukumiwa kunyongwa. Marehemu akajitwisha kasha, akaenda bomani.

"Mwaka jana hukutaka kuuza," yule bwana alimwambia akicheka.

"Hata leo siuzi, bwana. Nataka mtu wangu."

Bakary alifunguliwa, wale wawili wakanyongwa, na marehemu, ambaye hakulilia kasha hata siku moja, aliwalilia wao, akimwambia mkewe, "Nilimtaja ninayemjua tu. Kwa nini sikuwaomba wote?" Aliacha kazi mwaka mzima, mpaka Kudra alipouwasha moto mwenyewe, akamwita.

Kifua kilimshika mwaka 1911. Mwanaheri, mjane wa mmoja wa wale wawili, alikuja kumuuguza, na marehemu alipomwomba radhi alimjibu, "Baba, ulikwenda peke yako. Sisi wengine tulikuwa tumefunga milango." Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 1913, akiwa ametulia.

Tunamshukuru daktari aliyemtibu, majirani mliokesha nasi, na masonara wenzake mliofunga maduka leo. Mwenyezi Mungu akupokee, fundi wetu, pumzika kwa amani.