Mwalimu wa Ramani wa Mtaa wa Wafinyanzi

Ndugu na majirani mlioketi nasi siku hii ya kumi na tatu ya msiba, mimi ni Nirupama, binti wa kwanza wa marehemu, nasoma wasifu huu mimi kwa sababu sauti ya mdogo wangu Shashikant imekauka, na nitasoma yote, hata pale mtakapotamani niruke.

Marehemu baba yetu, Mwalimu Avadhbihari Lal, alizaliwa tarehe 14 Januari 1949 hapa Naurangganj, mtaa wa wafinyanzi, akasoma shule ya manispaa, akahitimu ualimu Gorakhpur mwaka 1970, na kuanzia Julai 1971 hadi alipostaafu mwaka 2009 alifundisha jiografia, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake bila kuchora mji huu, soko la mpunga, hekalu la Hanuman, msikiti wa wafumaji, stesheni, na mto, wakati huo ukiwa kilomita nne kaskazini.

Tarehe 9 Mei 1974 alimwoa mama yetu, Phulmati, wakajaliwa sisi wawili.

Mwaka 2012 maofisa walikuja kuorodhesha nyumba za kuhamishiwa kwenye kiwanja cha juu, nyuma ya stesheni, maana mto ulikuwa umekula ardhi hadi ukabakiza mita mia sita kuufikia mtaa, na baba akatandaza barazani ramani ya mwaka 1921, akawaonyesha watu kuwa mto uliwahi kufika hapo ukarudi nyuma, na kwamba ana hakika utarudi nyuma tena. Ramrati, mjane mfinyanzi, akamuuliza, "Mwalimu, na huo mto nao umeiona hiyo ramani?" Tulicheka sana, baba naye akacheka, kisha nyumba kumi na moja, ya Ramrati ikiwemo, zikamwamini baba na kukataa kutia dole gumba kwenye orodha ya kuhama.

Tarehe 21 Agosti 2017 nyumba zote kumi na moja zilikwenda na maji, na yetu ya kumi na mbili, na kiwanja cha juu kilikuwa kimeshagawiwa wengine. Majuto ni mjukuu, lakini baba hakumngoja akue, alianza siku hiyo hiyo kutoinua uso mbele ya mtu, na ramani aliichana mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2018, akafariki tarehe 2 Februari 2019, saa kumi alfajiri, katika chumba cha kupanga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, walimu wenzake, na Shashikant aliyesafiri siku mbili kutoka Surat. Kwa majirani wa zile nyumba kumi na moja sina neno linalotosha, mlimbeba mabegani na kila mmoja akaleta kuni zake za kumchomea maiti kama ilivyo desturi yetu, na Ramrati, asiye na kuni, alileta mlango wa nyumba yake, kitu pekee alichokiokoa majini, akasema, "Mlango bila nyumba nauweka wa nini?" Sikujua kama huo ulikuwa msamaha, na sikuthubutu kumuuliza.

Mlango uliwaka vizuri, baba. Pumzika sasa, kwa amani uliyoikosa kwetu.